Hutuba ya Ijumaa: Mwili wa mtoto mwenye akili nzito nao una sitara

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akamteremshia vazi la kusitiri utupu wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake wote. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, mama zangu na dada zangu mnaosikiliza nyuma ya pazia, na wewe utakayesomewa karatasi hii nyumbani: ninakuusieni, na ninaiusia nafsi yangu kwanza, kumcha Mwenyezi Mungu.

Leo tunasema juu ya jambo ambalo kwenye mimbari halisemwi sana, kwa sababu ya haya. Haya ni sehemu ya imani, hilo hatubishani. Lakini Ummu Sulaym (r.a.) alimwendea Mtume (s.a.w.) akamuuliza juu ya josho la mwanamke aliyeota ndoto, swali ambalo wengi wetu tusingethubutu kulitoa mdomoni, na Mtume akamjibu waziwazi. Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwamba haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Basi na sisi tuseme.

Katika kila avenyu ya mji wetu yuko mtoto mmoja au wawili wa namna ninayotaka kuitaja. Yuko mwenye ulimi mzito, ana miaka 14 lakini anacheza na wa miaka 5, na kila anayekutana naye anamkumbatia. Yuko asiyesema kabisa, asiyetazama mtu usoni, anayeziba masikio adhana ikilia kwenye kipaza sauti. Yuko kiziwi. Yuko kipofu. Yuko ambaye miguu yake haimbebi, lazima abebwe mpaka chooni. Watu wanawapa majina ambayo sitayaandika hapa, na Surat Al-Hujurat imetukataza kuitana kwa majina ya dharau.

Sasa angalia, ndugu yangu, namna watoto hawa wanavyooga. Mtoto mwingine akifika miaka 7 au 8, mama yake anampeleka nyuma ya uzio. Huyu amefika miaka 13, bado anaogeshwa katikati ya lupango, kando ya njia. Muuza mikate anapita, vijana wanapita, jirani anasimama anaongea na mama huku mtoto yuko wazi mbele yake. Ukiuliza, unajibiwa: haelewi kitu, hajui haya. Siku hizi kuna ubaya zaidi, maana kila kijana ana simu yenye kamera, na picha ya kumcheka mtoto wa watu inazunguka mji mzima kabla ya Magharibi.

Hajui haya? Sawa, tuseme hajui. Nikuulize wewe: maiti anajua haya?

Wengi wenu mmeosha maiti. Mnajua tunavyofanya. Tunatafuta mahali pa kufichika. Wanaingia wachache tu wenye amana. Tunamfunika maiti kitambaa kutoka kitovuni mpaka magotini, na anayeosha anazungusha kitambaa mkononi ili mkono wake usiguse utupu. Mkono unapita chini ya kitambaa, macho yanatazama pembeni. Na tukitoka tunanyamaza juu ya tulichokiona. Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alioshwa akiwa ndani ya kanzu yake. Maiti hasikii, hasemi, hatamlalamikia mtu kesho asubuhi, na bado tunamlinda namna hiyo. Mtoto huyu anapumua. Anasikia baridi, anasikia aibu hata kama hawezi kuitaja, na kesho ataamka aende tena kati ya watu hao hao waliomwona. Kwa kipimo gani tumempa maiti pazia na kumnyima aliye hai?

Kuna wanaoshika hadithi ya watu watatu ambao kalamu imeinuliwa kwao: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abalehe, na aliyepoteza akili mpaka zimrudie. Hadithi hiyo ni kweli, na ni rehema. Lakini isome vizuri. Kalamu imeinuliwa kwa yule mtoto, haikuinuliwa kwa baba yake, wala kwa maalim wake, wala kwa jirani anayesimama kutazama. Yeye akivua nguo barabarani hana dhambi. Sisi tuliomwacha hivyo kwa miaka, bila kumfundisha, daftari letu liko wazi.

Anaweza kufundishwa? Hapo ndipo wazazi wengi wanakata tamaa mapema. Mimi ninafundisha chuo tangu ujana wangu, na nimeona watoto waliochukua mwaka mzima kushika Al-Fatiha, lakini walipoishika haikutoka tena. Akili nzito si akili isiyokuwepo. Inataka kitu kimoja, kwa maneno yale yale, mahali pale pale, saa ile ile, mara nyingi sana.

Tazama sasa aya ya 58 ya Surat An-Nur. Mwenyezi Mungu anaamuru kwamba hata watoto ambao hawajabalehe waombe ruhusa kabla ya kuingia kwa wakubwa katika nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapopunguza nguo zao, na baada ya sala ya isha. Anaziita nyakati hizo tatu kuwa ni za utupu. Mtoto hakuambiwa jambo refu la falsafa juu ya heshima ya mwili. Amepewa saa tatu za kila siku, na kitendo kimoja: simama mlangoni, omba ruhusa. Kesho tena, na kesho kutwa tena. Hayo ni mafundisho yanayomfaa mwenye akili nzito kuliko mtu yeyote. Atakayefuata aya hii nyumbani kwake kwa subira, hata yule asiyesema anaweza kuanza kugonga mlango.

Lakini yeye ataiona kwako kwanza. Mama, unapoingia anapovaa, gonga, sema jina lako, ngoja kidogo, hata kama hajibu. Kipofu, usimshike kabla hujasema wewe ni nani na unataka kufanya nini. Mkono unaotoka gizani bila sauti unamfundisha kwamba mkono wowote unaweza kuja. Kiziwi hasikii mlango. Tikisa pazia, mulika tochi kidogo ukutani, ngoja ageuke. Anayebebwa, mwambie: sasa ninakubeba, sasa ninafungua kikwembe, sasa ninakuosha mgongo. Na pale panapotaka usafi wa ndani, fanya kama kwa maiti, kitambaa mkononi, na sehemu nyingine zote zimefunikwa. Dharura inaruhusu mguso kwa kipimo cha dharura yenyewe, haizidi. Kama mikono yake inafika, mpe sabuni ajioshe mwenyewe, hata ikichukua nusu saa na maji ya ndoo mbili. Ninajua maji yanatoka mbali. Ninajua pia nyumba zetu nyingi ni chumba kimoja na sebule. Mtume (s.a.w.) aliamuru watoto watenganishwe malazi wakifika miaka 10, na mtu atauliza: nitawatenganisha wapi? Kamba moja na kikwembe cha zamani katikati ya chumba. Si ukuta, lakini mtoto ataelewa kwamba upande huu ni wake.

Majina ya viungo tuyaseme. Katika nyumba nyingi sehemu za siri zinaitwa kwa majina ya mchezo, kila nyumba na jina lake. Mtoto mzito wa ulimi akienda kusema kwa munganga au kwa polisi kwamba mtu amemgusa mahali fulani, kwa jina la mchezo, nani atamwelewa? Mfundishe jina moja lenye adabu ambalo kila mtu analijua. Asiyesema, mfundishe kuonyesha kwa mkono juu ya nguo zake mwenyewe, au kwa mwanasesere wa vitambaa. Mpake mpaka ulio rahisi: panapofunikwa na nguo ya ndani ni pako wewe, haponyeshwi, hapaguswi, isipokuwa mama anapokuosha, au munganga mama akiwa pale.

Na yule anayejishika mbele za watu, usimpige. Si mwasherati. Mwondoe taratibu, mwambie kwa maneno yale yale kila siku kwamba hapa si mahali pake, mpe mikono yake kazi nyingine. Fimbo inamfundisha kuogopa mwili wake, na mtoto anayeuogopa mwili wake hatakuja kukueleza lililompata.

Binti mwenye akili nzito naye atapata hedhi kama dada zake. Asishtukizwe na damu. Miezi mingi kabla, dada au mama amwonyeshe kitambaa, namna ya kukivaa, mahali pa kukibadilisha, mahali pa kukifua na kukianika. Rangi moja ya kitambaa, ndoo moja, kona moja. Wako mabinti waliofungiwa ndani siku hizo zote kwa sababu hakuna aliyejipa kazi ya kuwafundisha. Hapa baba anasema hilo ni la wanawake. Ni la wanawake kulifanya, lakini sabuni na kitambaa vinanunuliwa kwa franka za baba.

Ndugu zangu, nataka tukae kidogo kwenye jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Watoto hawa tumewafundisha neno moja tu, nalo ni ndiyo. Njoo: anakuja. Kaa: anakaa. Msalimie mjomba: anamsalimia. Tunasema, mashaallah, mtoto huyu ni mlemavu lakini ana utii. Mtu mwovu naye ameona huo utii. Anajua mtoto huyu akiitwa anakuja, akipewa biskuti anacheka, akiambiwa usiseme hasemi. Na mtu huyo mara nyingi si mgeni kutoka mbali. Ni mtu anayejulikana nyumbani, anayekula katika sahani yetu.

Imam Muslim amepokea kwa Anas (r.a.) habari ya mwanamke wa Madina ambaye akilini mwake kulikuwa na kitu. Alimwendea Mtume (s.a.w.) akasema ana haja naye. Mtume hakumcheka, hakumwita mtu amwondoe. Alimwita kwa heshima, kwa jina la mtoto wake, akamwambia achague mwenyewe njia yoyote anayotaka, na yeye atasimama naye hapo mpaka haja yake iishe. Akaenda naye katika moja ya njia za mji, akamsikiliza mpaka akamaliza.

Wanavyuoni wamesema hapo hapakuwa na faragha ya kukatazwa, kwa sababu ilikuwa njiani, watu wanapita na wanawaona, isipokuwa maneno yake ndiyo hawakuyasikia. Tazama mambo mangapi yamo ndani ya kisa hiki kifupi. Mwanamke mwenye udhaifu wa akili anachagua mahali. Siri ya maneno yake inalindwa. Mwili wake unalindwa kwa macho ya watu. Na aliyefanya hivyo ndiye kiumbe aliyeaminika kuliko wote, ambaye hakuna mtu angemshuku. Kama Mtume alisimama naye njiani, maalim gani atasema yeye anaaminika mpaka afunge mlango?

Basi tumfundishe mtoto neno la pili: hapana. Na hapana haifundishwi kwa maneno tu, inafundishwa kwa kukubaliwa. Akikataa kumkumbatia shangazi, mwache ampe mkono, au apunge tu. Akikataa kukatwa nywele leo, kama hakuna haraka, zikatwe kesho. Mtoto ambaye hapana yake ndogo haijasikiwa hata siku moja hatakuwa nayo siku ya hatari. Yule anayekumbatia kila mtu, mfundishe: wa nyumbani unakumbatia, wa msikitini unapeana mkono, usiyemjua unasema salaam kwa mbali. Watu wazima wa kartie tusaidieni. Kijana mkubwa akikurukia kukukumbatia, usimcheke wala usimsukume; nyoosha mkono, sema salaam alaykum, ngoja mpaka anyooshe wake. Tukifanya hivyo watu ishirini wa avenyu moja, atajifunza kabla ya Ramadhani.

Mfundishe pia kwamba siri ya mwili haipo. Zawadi ya kushtukiza ni siri, sawa. Lakini mtu akimgusa, au akimwonyesha utupu wake, kisha akasema usimwambie mama, hiyo ndiyo ya kumwambia mama siku hiyo hiyo.

Upande wa vyuo vyetu nitasema kwa ufupi, kwa sababu sisi walimu tunajuana. Mlango wa chuo ubaki wazi, au pazia tu. Maalim hamchukui mwanafunzi mmoja nyumbani kwake kufua au kubeba maji peke yake. Mtoto anayehitaji kusaidiwa chooni anasaidiwa na mtu aliyetajwa na wazazi wake, mtu huyo huyo kila siku, mwanamke kwa wasichana, si kila mwanafunzi mkubwa aliye karibu. Kuonyesha matamshi hakuhitaji kumshika mtoto. Maalim akiona masharti haya yanamvunjia heshima, arudi kwenye kisa cha yule mwanamke wa Madina.

Sasa lile tusilolitaka likitokea. Mtoto asiyesema anasema kwa namna yake: alikuwa akienda kwenye nyumba fulani kwa furaha, sasa analia kwenye kona ya njia, alikuwa ameacha kukojoa kitandani, amerudia, anakataa kuvuliwa nguo, amekuwa mkali ghafula. Si kila dalili ni hilo, mengine ni ugonjwa. Lakini kaa naye, uliza taratibu mara moja, usimtie maneno mdomoni, usimhoji mara kumi mbele ya ukoo. Kama kuna jambo, usikimbilie kumwogesha, hata kwa nia ya tohara. Tohara inangoja. Munganga amwone kwanza, na nguo alizovaa zisifuliwe. Dawa ya kumkinga na virusi vya ukimwi inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Ya kuzuia mimba ndani ya siku 5. Ukoo unaokaa baraza siku nne kwanza umekwisha kupoteza saa hizo.

Maana tuna desturi ya kukaa baraza. Wazee wanakuja, mbuzi wanatajwa, tena wengine wanatoa wazo la kumuoza binti kwa yule yule aliyemharibu, kisha inasemwa: tusitiriane, Muislamu anamsitiri Muislamu mwenzake. Ndugu zangu, sitara iliyosifiwa na Mtume ni ya mja aliyeteleza katika jambo lake na Mola wake. Haikuwekwa kuwa blanketi la kumfunika mwenye kudhulumu huku aliyedhulumiwa anatetemeka nje. Kumsitiri mtoto ni kutotangaza jina lake sokoni na kutosimulia habari yake msibani. Kumpeleka mkosaji mbele ya hakimu hakuvunji sitara ya mtoto.

Na sheria ya nchi iko. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inaadhibu ubakaji kwa kifungo cha miaka 5 mpaka 20, na inaongeza mara mbili kiwango cha chini mkosaji akiwa mwalimu, mtumishi wa dini au mtu mwenye mamlaka juu ya aliyetendewa, na vilevile aliyetendewa akiwa mtu mwenye ulemavu. Sikilizeni vizuri: walimu na watumishi wa dini tumetajwa. Iko Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto, na mtoto ndani yake ni kila asiyetimiza miaka 18. Na tarehe 3 Mei 2022 ilitolewa Sheria namba 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki za watu wenye ulemavu. Mbuzi wa baraza hafuti kesi ya namna hii kwenye parke.

Abdullah ibn Ummi Maktum (r.a.) alikuwa kipofu. Surat Abasa iliteremka kwa sababu yake, na baadaye Mtume (s.a.w.) alimfanya muadhini pamoja na Bilal, akamwachia na Madina mara kadhaa aliposafiri. Hakufichwa ndani, hakuachwa nje kama kitu cha kuchekwa. Mwenye mtoto wa namna hii aje naye msikitini. Akipiga kelele katika sala, sala haivunjiki kwa kelele ya mtoto.

Ee Mola, walinde watoto wetu waonao na wasioona, wasemao na wasiosema, wenye akili nyepesi na wenye akili nzito. Wape mama zao nguvu ya mgongo na subira, na wape baba zao haya ya kweli. Amin.

Tangazo: Jumapili baada ya sala ya Alasiri, mama wote wenye watoto wanaohitaji kusaidiwa watakutana ndani ya chuo na walimu wa kike, kuonyeshana namna ya kuosha, ya kugonga mlango na ya kufundisha majina ya viungo. Mwenye mtoto kiziwi aje naye, maana ishara za nyumba yake ndizo tutakazotumia. Bafu la chuo halina pazia. Mwenye kikwembe kizito asichokivaa tena akilete kwa muadhini kabla ya siku hiyo, na kamba ya mita tatu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.